Magnolia asilia ya Marekani: mahali kwanza, mche baadaye

Ukiingia kwenye kitalu cha miche Kentucky, Ohio au North Carolina mwezi wa Aprili ukaulizia magnolia, karibu kila mara utaelekezwa kwenye aina mbili. Ya kwanza ni Magnolia grandiflora, mti wa kusini wenye majani magumu ya kung'aa ambao hubaki wa kijani mwaka mzima. Ya pili ni ya ukoo wa Asia: ama Magnolia stellata ya Japani, ama Magnolia × soulangeana, chotara aliyezalishwa na Étienne Soulange-Bodin karibu na Paris katika miaka ya 1820. Hizi hufunua maua meupe au ya waridi matawi yakiwa bado matupu. Ni miti mizuri yote, ila makala haya yanahusu kundi la tatu ambalo wauzaji wengi hawaliweki.

Kundi hilo ni la magnolia za misitu ya mashariki ya Marekani zinazopukutisha majani yote ifikapo Oktoba na Novemba, kisha huchanua Mei au Juni baada ya majani mapya kufunguka. Wapo watu wanaoishi karibu nazo kwa miaka bila kuzijua. Kutoka Lexington, Kentucky, mji ambao familia nyingi za Kikongo zimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kawaida madukani na shuleni, ni mwendo wa kama saa moja kwa gari hadi bonde la Red River Gorge. Huko Magnolia macrophylla na Magnolia tripetala huota zenyewe kando ya njia za watembea kwa miguu.

Tofauti ya wakati wa kuchanua ina maana kubwa kwa mwenye bustani. Magnolia za Asia huchanua Machi au mwanzo wa Aprili, na usiku mmoja wa jalidi hugeuza maua yote kuwa ya kahawia kabla hujapata hata kuyapiga picha. Za asili ya Marekani husubiri jalidi ipite. Usitarajie, hata hivyo, mti uliofunikwa maua kwa mara moja. Hutoa ua moja moja juu ya majani kwa muda wa wiki mbili au tatu, na kwenye mti mrefu itabidi uinue shingo kuyaona.

Ipi ni ipi

Malkia wa kundi hili ni Magnolia macrophylla. Mfaransa André Michaux, aliyezunguka misitu ya Carolina na Tennessee mwishoni mwa karne ya 18 kabla ya kwenda kufia Madagaska, ndiye aliyeipa jina hilo linalomaanisha majani makubwa, na hakutia chumvi. Jani moja hufikia sentimita 60, mara nyingine 80 au zaidi, na hakuna mti mwingine wa asili wa Amerika Kaskazini yenye majira ya baridi ambao jani lake sahili, yaani la kipande kimoja, hulifikia hilo. Upande wa juu ni kijani, wa chini una rangi ya fedha, na kwenye kitako cha jani, pale linapoungana na kikonyo, kuna ndewe mbili zilizojikunja. Ua ni jeupe lenye upana wa sentimita 20 hadi 30, na petali tatu za ndani zina doa la zambarau kwenye kitako. Bustanini mti hufika mita 9 hadi 12 kwenda juu na karibu mita 6 hadi 9 kwenda pembeni. Ukipandwa kwa mbegu, huchukua miaka 10 hadi 15 kutoa ua la kwanza.

Asiyeweza kungoja hivyo na atafute Magnolia ashei, ndugu yake mdogo wa kaskazini mwa Florida. Wataalamu wengine huiweka ndani ya macrophylla kama nususpishi. Majani yake ni makubwa vilevile, lakini mti huishia mita 4 hadi 6, mara nyingi ukiwa na mashina kadhaa, na miche ya mbegu huweza kuchanua ikiwa na miaka 3 hadi 5 tu. Kwa uwanja mdogo wa nyumba ya mjini, hii ndiyo chaguo letu la kwanza, mradi baridi yako haipiti ile ya kanda ya 6 kwenye ramani ya USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) inayogawa nchi kwa ukali wa baridi, yaani nyuzi 23 za Selsiasi chini ya sifuri.

Magnolia tripetala hufanana na macrophylla kiasi kwamba vitalu huzichanganya. Ligeuze jani: la tripetala halina rangi ya fedha chini, na kitako chake huchongoka kuelekea kwenye kikonyo bila ndewe zozote. Majani, ya sentimita 30 hadi 60, hukusanyika mwishoni mwa tawi na kutawanyika pande zote. Ni mti wa mita 5 hadi 10, hustahimili kivuli kuliko wenzake, na mwisho wa kiangazi hutoa matunda mekundu yanayopendeza. Ila harufu ya ua lake haipendezi, kwa hiyo usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Magnolia fraseri ni ya milima ya Appalachia. Ina ndewe kama macrophylla, lakini jani ni dogo, la kijani pande zote mbili na lisilo na vinyweleo. Hupenda hewa ya ubaridi ya milimani. Kwenye joto la mabondeni huchoka upesi.

Ya mwisho ni jitu: Magnolia acuminata, ambayo Waamerika huiita mti wa tango kwa sababu tunda lake changa hufanana na tango dogo la kijani. Hufika mita 15 hadi 25, hustahimili baridi ya kanda ya 4, na ndiyo magnolia pekee ya asili ya Kanada, ambako imebaki kidogo kusini mwa Ontario na iko hatarini. Maua yake ya manjano ya kijanikijani hujificha juu sana, hivyo usiipande kwa ajili ya maua. Ipande kama unataka kivuli na una uwanja. Rangi yake ya manjano ndiyo iliyowapa wazalishaji wa Brooklyn Botanic Garden magnolia yao ya manjano, 'Elizabeth', kwa kuichanganya na Magnolia denudata ya China.

Kama kiwanja chako kinatuama maji, acha zote hizi uchukue Magnolia virginiana. Huvumilia unyevu mwingi, majani yake hubaki au kupukutika kutegemea ukali wa baridi, na harufu ya ua lake ni tamu.

Bara la Afrika halina magnolia ya asili hata moja. Hata hivyo mtu wa pwani hataliona ua hili kuwa geni kabisa, kwani mkilua, mlangilangi, mstafeli, mtopetope na hata mkungumanga wa Zanzibar wako katika oda moja na magnolia, yaani kundi moja la koo zenye undugu. Petali nene zenye nyama na harufu nzito ni sifa za ukoo huo. Ukoo wa magnolia ni wa kale, ulikuwepo kabla nyuki hawajawa wengi duniani, na mpaka leo maua yake hutegemea mbawakawa. Ua hupokea chavua kwanza, kisha siku inayofuata hutoa ya kwake, ili lisijichavushe. Ndiyo maana mti uliosimama peke yake mara nyingi huzaa mbegu chache.

Matatizo yote hutoka kwenye jani na mzizi

Anayeelewa viungo viwili vya mti huu ataweza kubashiri karibu kila tatizo.

Jani kubwa namna hiyo limeumbwa kwa ajili ya mabonde ya msituni, mahali penye miti mirefu inayokinga upepo na kuchuja jua la mchana. Likiwekwa kwenye kona ya nyumba inayopigwa na upepo, huchanika vipande vipande kufikia Julai, na mti hautatoa jani lingine badala yake mwaka huo. Tena jani pana hupoteza maji mengi. Ardhi ikikauka wiki mbili za joto, kingo hugeuka kahawia, na kovu hilo litakaa mpaka majani yaanguke.

Mizizi nayo ni minene, laini na yenye nyama, ina matawi machache na hukaa karibu na uso wa udongo. Mizizi ya miti mingi ikikatwa huchipua vijizizi vipya kwa wingi. Ya magnolia huchipua polepole, na ikikatwa wakati udongo ni wa baridi na umelowa, jeraha huoza badala ya kupona. Hii ndiyo sababu mti huu haupandwi vuli kama wakulima wa bustani wengi wa Marekani wanavyoshauriwa kwa miti mingine. Ndiyo sababu pia haufai kuhamishwa. Ukishaupanda, hapo ndipo pake.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kununua mche.

Kupima mahali

Tafuta sehemu yenye jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa nane mchana, hasa ukiwa Tennessee, Georgia au Carolina. Kaskazini zaidi, kama Ohio, Pennsylvania au Maine, mti huvumilia jua la kutwa mradi udongo usikauke. Kwenye kivuli kizito hautakufa, lakini utajipinda kufuata mwanga na maua yatakuwa ya kuhesabu. Angalia upepo mkali wa kwako hutoka upande gani, mara nyingi magharibi au kaskazini-magharibi, kisha tumia nyumba, uzio au mstari wa miti kama kinga.

Udongo unaotakiwa ni tifutifu, wenye mboji nyingi, unaoshika unyevu bila kutuama, na wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 5.5 hadi 6.5. Peleka sampuli kwenye ofisi ya ugani ya kaunti yako. Karibu kila kaunti ya Marekani inayo, na kipimo hugharimu kidogo au ni bure. Usipande karibu sana na msingi wa nyumba au njia ya saruji, kwa sababu chokaa inayotoka humo hupandisha pH. Wanaoishi Dallas na Fort Worth wana tatizo hilo katika ardhi yenyewe: udongo wao mweusi wa mfinyanzi una chokaa, na upepo wa kiangazi ni wa moto. Tungewashauri waachane na mti huu kuliko kupigana nao kila mwaka.

Kujua kama maji yanapita, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena na kupima. Yakishuka sentimita 2.5 hadi 8 kwa saa, mahali panafaa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 mizizi itaoza, na kuweka changarawe chini ya shimo hakusaidii kitu kwani shimo hugeuka kuwa beseni. Ama inua kitanda cha udongo sentimita 20 hadi 30 kwa upana wa mita 2 au 3, ama tafuta sehemu nyingine.

Umbali nao upimwe kwa ukubwa wa mti mkubwa, si wa mche. Macrophylla na tripetala ziwe angalau mita 5 au 6 kutoka ukutani, acuminata mita 10 au zaidi na mbali kabisa na nyaya za umeme. Ashei inaweza kusogea hadi mita 3. Usipande juu ya eneo la maji taka ya shimo la choo. Na kabla ya kutia jembe ardhini popote Marekani, piga 811 siku chache mapema: watakuja kuweka alama za mabomba na nyaya zilizofukiwa, bila malipo.

Mche wa kununua

Nunua mdogo. Mche wa urefu wa mita 1 hadi 1.5 kwenye chungu cha lita 10 hadi 20 huweza kuupita mti wa mita 3 uliong'olewa shambani na kufungwa gunia, kwa kuwa ule mkubwa umeachia sehemu kubwa ya mizizi yake shambani na utakaa miaka bila kukua. Miche inayouzwa mizizi ikiwa wazi bila udongo usiiguse kabisa, hata bei ikiwa ya kutupa.

Soma jina la Kilatini kwenye kibandiko, kwa sababu majina ya mitaani huchanganya. Uliza kama mche ni wa mbegu au wa kupandikizwa, yaani tawi lililoungwa kwenye shina la mche mwingine: wa kupandikizwa huchanua mapema zaidi, na machipukizi yanayotoka chini ya kiungo ni ya shina la chini, yaondolewe. Toa mche kwenye chungu uitazame mizizi. Ikiwa imezunguka chungu mara nyingi na kukomaa kama kamba, rudisha. Mizizi ya aina hiyo huendelea kuzunguka ardhini na kulinyonga shina baada ya miaka kumi, na magnolia haipendi ukatekate wa kurekebisha.

Mahali pazuri pa kuipata ni mauzo ya majira ya kuchipua kwenye bustani za mimea na vitalu vinavyojishughulisha na mimea ya asili. Kuichimba msituni ni kazi bure, kwani hufa. Pia ni kosa: macrophylla imeorodheshwa kuwa hatarini Ohio na Arkansas, na ashei Florida.

Siku ya kupanda

Panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, jalidi ya ardhini ikishaisha na machipukizi yakiwa yanaanza kuvimba. Katika kanda ya 6 na ya 7, ambamo Kentucky yote imo, hiyo ni kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili.

Chimba shimo lenye upana mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi donge lenyewe. Donge likae juu ya udongo ambao haujatifuliwa, la sivyo mti utadidimia. Kwenye vyungu vingi shina limefukiwa na udongo wa ziada, hivyo futa juu mpaka uone mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Sehemu hiyo ndiyo inayotakiwa ilingane na ardhi, au ikae sentimita 5 juu yake kwenye udongo wa mfinyanzi. Kosa linaloua magnolia nyingi kuliko wadudu wote ni kuzika sehemu hii. Mti hauonyeshi kitu mwaka wa kwanza, wa pili majani huwa madogo, wa tatu matawi ya juu hukauka, na mwenyewe humlaumu muuzaji.

Usiivute wala kuipasua mizizi kama unavyofanya kwa mimea mingine. Iliyojipinda pembeni inyooshe taratibu kwa vidole. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, bila samadi wala mbolea ndani ya shimo. Shimo lenye udongo mtamu kuliko wa nje huifanya mizizi ibaki humohumo. Shindilia kwa mkono, si kwa kiatu, kisha mwagilia lita 20 polepole ili hewa itoke.

Mboji weka juu. Tandaza majani yaliyooza nusu au maganda ya msonobari kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, upana wa mita moja au zaidi kuzunguka shina, ukiacha sentimita 10 wazi pasiguswe na matandazo. Kile kilima cha matandazo kinachoegemezwa kwenye shina, ambacho utakiona mbele ya kila benki na duka kubwa Marekani, huozesha gome na kukaribisha panya wakati wa baridi. Usikiige.

Kigingi hakihitajiki isipokuwa mti unalala. Ukiuweka, kitolewe baada ya mwaka mmoja.

Miaka mitatu ya mwanzo

Maji ndiyo kazi. Kuanzia Mei hadi Septemba, mche wa ukubwa tuliousema upate lita 20 mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha, mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu mara moja kwa wiki wakati wa ukavu inatosha. Ingiza kidole sentimita 8 ndani ya udongo kabla ya kumwagilia: pakiwa na unyevu, acha. Maji kidogo ya kila siku kutoka kwenye vinyunyizio vya nyasi hulowesha juu tu na kuifanya mizizi, ambayo tayari ni ya juujuu, ipande zaidi.

Mbolea usiweke mwaka wa kwanza. Baadaye mboji inayooza juu ya mizizi hutosha kwa miti mingi, na kama kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu, weka kidogo Aprili. Naitrojeni ya Agosti huchochea machipukizi ambayo hayatakomaa kabla ya baridi, na ncha zake zitaungua. Kwa kuwa tumba la ua hukaa kwenye ncha ya tawi, umepoteza ua pia.

Ondoa nyasi kabisa chini ya mti. Nyasi hunyang'anya maji, halafu mashine ya kukata nyasi na ile ya uzi hujeruhi shina na mizizi iliyojitokeza. Majeraha hayo ndiyo mlango wa fangasi. Ukitaka kijani chini yake, panda kangaga au mimea mingine midogo ya msituni siku ileile unayopanda mti, kabla mizizi haijaenea, ili usije ukachimba baadaye.

Swala wa Marekani hawapendi sana kula majani yake, lakini madume huja Septemba hadi Novemba kusugua pembe kwenye mashina membamba na kuyamenya gome. Zungushia wavu wa waya wa urefu wa mita 1.5, ukiwa umeachana na shina kwa nusu mita, mpaka shina linene.

Mkasi uwe mbali

Magnolia hupona majeraha polepole na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Punguza tu tawi lililokufa, lililovunjika au linalosuguana na lingine, na ufanye hivyo mara baada ya maua, kabla ya katikati ya Julai. Ukikata mwisho wa majira ya baridi, utomvu hutiririka na utakuwa umetupa maua ya tawi hilo ya mwaka huo, kwa kuwa matumba yake yalishaumbwa kiangazi kilichopita. Kata karibu na ukosi wa tawi, ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, bila kuugusa, na usipake rangi wala lami. Kamwe usiukate kichwa mti huu ili uwe mfupi. Utachipua fimbo ndefu dhaifu ambazo dhoruba ya kwanza itazing'oa. Kama ni mrefu mno kwa mahali ulipo, tatizo lilikuwa siku ya kuchagua.

Kinachoharibika na sababu yake

Kingo za kahawia Julai ni ukavu au joto, hata kama udongo wa juu unaonekana umelowa. Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani maana yake pH iko juu na mti haupati chuma. Shusha pH kwa salfa ya bustani kwa kiasi kitakachotajwa kwenye kipimo cha udongo, na subiri, kwani huchukua miezi. Unga mweupe juu ya majani mwezi wa Septemba ni ukungu wa kawaida usiohitaji dawa. Majani yanakaribia kuanguka hata hivyo. Safu za vijishimo vilivyopangwa kama kwa rula kwenye shina si mdudu bali ni kigogota anayefuata utomvu, na mti hustahimili.

Tawi au upande mmoja ukinyauka ghafla kiangazi huku mwingine ukiwa mzima, kata tawi uangalie ndani. Michirizi ya rangi ya kijani-kahawia kwenye mti ni dalili ya Verticillium, fangasi wa udongoni. Hauna dawa. Ondoa matawi yaliyokufa, mwagilia vizuri na utumaini. Mti ukifa, pale pasipandwe magnolia nyingine wala mepo (maple).

Mdudu wa kumjua ni gamba la magnolia, Neolecanium cornuparvum, mmoja wa wadudu gamba wakubwa kabisa Marekani. Jike aliyekomaa hufika sentimita 1.2, huwa wa kahawia-pinki aliyepakwa unga mweupe, na hung'ang'ania tawi kama uvimbe. Kati ya magnolia za asili, ile ya tango ndiyo humpata zaidi. Kwa kawaida humtambui kwa kumwona bali kwa anachoacha: majani na gari lililoegeshwa chini hunata kwa utamutamu, nyigu na sisimizi hujaa, kisha masizi meusi hutanda.

Kumwondoa kunategemea kalenda. Ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Watoto wake hutoka mwisho wa Agosti na Septemba, hutembea siku chache, kisha hujibandika chini ya vitawi vya mwaka mmoja au miwili na kukaa hapo majira yote ya baridi. Julai, akiwa bado hajazaa, mkwangue kwa mkono au brashi laini na maji ya sabuni; kwa mti mdogo hii pekee yatosha. Septemba, na tena mwanzo wa Aprili kabla machipukizi hayajafunguka, pulizia mafuta ya bustani kwa kipimo cha kwenye chupa, siku yenye joto la zaidi ya nyuzi 4 na isiyotarajiwa kuganda usiku. Kupulizia Juni ni kupoteza pesa, kwani nta humkinga. Dawa za kumwagia mizizini za kundi la neonikotinoidi hazifai: sumu hupita hadi kwenye utamutamu na kwenye maua, na kuua wadudu wanaotusaidia.

Kuotesha kwa mbegu

Tunda hukomaa Agosti hadi Oktoba, hupasuka, na mbegu nyekundu hutoka zikining'inia kwa nyuzi nyembamba. Zichume hapo, mbele ya ndege na kindi. Nyama nyekundu lazima iondolewe kwa sababu ina mafuta na vizuizi vya kuota: loweka siku 2 au 3 ukibadilisha maji, fikicha, osha kwa tone la sabuni ya vyombo, utabaki na mbegu nyeusi ngumu. Zinazoelea zitupe.

Usizianike. Mbegu ya magnolia ikikauka hufa, na hili ndilo linalowashinda wengi waliozoea mahindi na maharage. Zichanganye na peti (mboji ya kinamasi) au mchanga wenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji kwa nyuzi 2 hadi 4 kwa siku 90 hadi 120. Kwa hitaji hilo la baridi, huu si mti wa kuwatumia ndugu Mombasa au Bukavu.

Machi, zipande kwa kina cha sentimita 1 hadi 1.5, moja moja, kwenye vyungu vyenye kina cha sentimita 20 au zaidi, kwani mzizi mkuu hushuka kabla jani halijaonekana. Kwenye joto la nyuzi 20 na kuendelea huota ndani ya wiki chache, nyingine zikichelewa. Zifunike kwa wavu dhidi ya panya, zipe kivuli mwaka wa kwanza, na uzihamishie ardhini zikiwa na mwaka mmoja au miwili, mzizi mkuu ukiwa mzima.

Majani yakianguka

Majani ya macrophylla huanguka karibu yote ndani ya wiki moja au mbili, huwa makavu makubwa yenye mgongo wa kijivu-fedha, na hayaozi haraka. Yakiachwa juu ya nyasi huzifunika na kuziua kufikia Machi. Yapitishe mashine ya kukata nyasi mara mbili wakati ni makavu, yatakuwa vipande vya sentimita chache, kisha yarudishe chini ya mti huohuo kama matandazo ya mwaka ujao. Kama mti unapakana na jirani mwenye bwawa la kuogelea au mifereji ya paa iliyo wazi, mjulishe kabla ya kupanda, au chagua ashei.